Bei Haijulikani Mpaka Kipimo Kijulikane: Somo la Kununua katika Soko la Wakulima



Somo hili linahusu soko la wakulima, yaani mahali ambapo aliyelima ndiye anayeuza, na anayekula ndiye anayenunua. Tumeliandika tukiwalenga wasomaji wawili ambao mara nyingi ni watu wa nyumba moja. Wa kwanza ni mzazi wa Nyaishozi, wilayani Karagwe, ambaye siku ya soko hupeleka mikungu ya ndizi, maharage na mahindi. Wa pili ni mwanawe aliyeko chuoni, ambaye jioni hununua mazao kama yale yale kwa mkulima anayeuza katika eneo la chuo au jirani nalo.

Mzazi huuza, mtoto hununua, na fedha ni ile ile. Ada ya mtoto ilitoka katika gunia la maharage. Gunia likipunjwa Nyaishozi, ada imepunjwa. Na kopo likipunjwa chuoni, posho imepunjwa. Familia moja yaweza kupoteza pande zote mbili za mizani bila ya mtu yeyote kuona kwamba ameibiwa.

Baada ya kulisoma somo hili, tunatarajia kwamba msomaji ataweza:

(a) kulinganisha bei za wauzaji wawili wanaotumia vipimo tofauti;
(b) kuikagua mizani kabla ya kununua au kuuza;
(c) kumuuliza mkulima maswali yanayohusu usalama wa chakula, na
(d) kutambua haki zake na mahali pa kupeleka malalamiko.

1. Soko la wakulima na chuo

Vyuo vya kilimo na soko la wakulima ni ndugu wa karibu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kilitokana na chuo cha kilimo kilichofunguliwa mwaka 1965, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1984. Chuo cha namna hiyo huwa na mashamba ya mafunzo, na shamba likizaa, mazao yake hutafuta mnunuzi. Katika nchi nyingine pia, ikiwemo Marekani, vyuo vikuu kadhaa hutenga siku ya juma ambapo wakulima wa jirani huingia na kuuza mboga na matunda kwa wanafunzi na watumishi.

Faida ya soko la namna hii si bei tu. Dukani hujui maharage yalivunwa lini wala yalihifadhiwa wapi. Hapa aliyeyavuna amesimama mbele yako. Lakini faida hiyo humfikia yule tu anayeuliza na anayepima. Asiyeuliza wala kupima hupata hasara za soko la kienyeji bila ya kupata faida zake.

2. Jicho si mizani

Wazee wetu walijua umuhimu wa kipimo. Tunaposema haba na haba hujaza kibaba, tunataja kipimo halisi kilichotumika sokoni. Na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Aliyenunua pishi alijua anachostahili kupata. Tatizo la masoko yetu leo si ukosefu wa vipimo, bali wingi wa vyombo vinavyojifanya vipimo: kopo, bakuli, kisado, ndoo, debe, fungu na kiroba. Kila kimoja kina jina, lakini jina hilo halisemi kuna kilo ngapi ndani yake.

Kisado kimoja hujazwa hadi kikawa na kilele, kingine hukatwa kwa kijiti hadi ukingoni. Kopo moja lina kitako kilichonyooka, lingine kitako chake kimebonyezwa kikaingia ndani. Debe moja ni zima, lingine limepondwa ubavuni. Kwa mbali vyote vinafanana, na bei inayotajwa ni moja. Mnunuzi akiangalia bei peke yake, amelinganisha maneno, hajalinganisha maharage.

Ndizi nazo zina tabia hiyo. Mkungu huuzwa kwa kutazamwa. Mzoefu wa Karagwe au Kyerwa, aliyekulia katika migomba, hukadiria vizuri kwa jicho. Lakini mwanafunzi aliyekulia mjini hana jicho hilo. Anapouziwa mkungu mrefu wenye chane chache na ndizi nyembamba, hulipia zaidi mhimili wa mkungu kuliko chakula.

3. Hesabu ya kisado

Tuchukue mfano. Bei zilizomo humu ni za kujifunzia tu, wala si bei elekezi.

Mwanafunzi amefika sokoni akitafuta maharage. Muuzaji wa kwanza anauza kisado kwa shilingi 8,000. Muuzaji wa pili ana mizani, naye anauza kilo moja kwa shilingi 2,800. Yupi ana bei nafuu?

Jibu la haraka halipo. Ni lazima kwanza kujua kisado kina kilo ngapi. Kisado kizima cha lita nne, kikiwa na maharage yenye uzito wa kilo 3.2, humfanya mnunuzi alipe shilingi 2,500 kwa kilo: 8,000 kugawanya kwa 3.2. Hapo muuzaji wa kwanza ana bei nafuu. Lakini ikiwa kisado kimebonyezwa kitako na kinabeba kilo 2.7 tu, basi 8,000 kugawanya kwa 2.7 ni takriban shilingi 2,963 kwa kilo. Sasa muuzaji wa pili ndiye mwenye nafuu.

Bei iliyotajwa haikubadilika hata kwa senti moja. Kilichobadilika ni kitako cha chombo. Ndiyo maana tunasema bei haijulikani mpaka kipimo kijulikane. Kanuni ya kukumbuka ni fupi: gawanya fedha unayotoa kwa kilo unazopata, ndipo ulinganishe.

Hesabu hiyo ina faida nyingine kwa wanafunzi wanaochangishana kununua debe moja na kugawana. Wakigawana kwa vikombe bila kupima debe lote kwanza, kila mmoja atadhani mwenzake amezidishiwa, na ugomvi utakuwa baina yao, ilhali upungufu ulianzia sokoni.

4. Rumbesa na butura

Sasa turudi Nyaishozi, kwa mzazi. Yeye anayo hatari ya upande wa pili: si kupewa pungufu, bali kutoa zaidi.

Rumbesa ni gunia lililojazwa kupita kiasi, likashonewa kilemba juu. Kwa mujibu wa sheria za vipimo nchini, gunia la mazao ya shambani halipaswi kuzidi kilo 100. Hata hivyo wapo wanunuzi wanaomtaka mkulima ajaze zaidi, kisha wanalipa kwa gunia moja. Tufanye hesabu. Ikiwa kilo moja ya mahindi ni shilingi 600, gunia la kilo 100 ni shilingi 60,000. Mkulima akijaza kilo 130 na kulipwa shilingi 60,000 zile zile, kila kilo imeshuka hadi takriban shilingi 462. Ametoa kilo 30 bure, zenye thamani ya shilingi 18,000. Katika magunia kumi amepoteza shilingi 180,000, fedha ambayo ingemlisha mwanawe chuoni kwa siku nyingi.

Wengine hudhani kwamba rumbesa humnufaisha mlaji wa mjini. Hakuna lazima ya kuwa hivyo. Mfanyabiashara aliyenunua kwa gunia anaweza kuuza kwa kilo. Zile kilo 30 za mkulima zikawa faida yake, na mlaji akalipa bei ile ile ya kila siku. Rumbesa humpunja mkulima bila kumwahidi mlaji chochote.

Jirani ya rumbesa kuna jambo ambalo watu wa Kagera wanalijua kwa jina la butura: kununua kahawa ingali maua au tunda changa mtini, kwa fedha kidogo inayotolewa mkulima akiwa na shida. Serikali imekuwa ikilipiga vita jambo hilo kwa miaka mingi. Tunalitaja hapa kwa sababu ni mfano ulio wazi kuliko yote wa bei iliyotangulia kipimo. Mkulima amekubali bei ya kitu ambacho hakijawa na uzito. Msimu ukifika, kahawa hupimwa, lakini kilo si zake tena.

Kisado kilichobonyezwa, gunia la rumbesa na butura vina mzizi mmoja. Katika yote matatu, mtu mwenye haraka au mwenye shida amekubali fedha kabla ya kujua kiasi.

5. Namna ya kuikagua mizani

Mizani nayo si malaika. Ni chombo, na chombo huchakaa au huchezewa. Fuata hatua hizi, nazo hazichukui hata dakika mbili.

Kwanza, tazama chapa au stika ya Wakala wa Vipimo. Mizani inayotumika katika biashara hupaswa kuhakikiwa na Wakala huo kila mwaka, na stika huonyesha mwaka wa uhakiki. Mizani ndogo ya jikoni haikutengenezwa kwa ajili ya biashara.

Pili, tazama mshale au namba kabla kitu hakijawekwa. Isome sifuri. Ikisoma gramu 100 ikiwa tupu, utalipia gramu 100 za hewa kila unapopima.

Tatu, hakikisha mizani ya mezani imekaa mahali tambarare, na ile ya kuning'inizwa inaning'inia huru, haikugusa ukuta wala mkono wa mtu.

Nne, simama mahali unapoweza kuusoma mshale wewe mwenyewe. Muuzaji asikusomee.

Tano, uliza uzito wa chombo. Beseni, ndoo na kiroba vipimwe vikiwa vitupu, kisha uzito wake utolewe.

Sita, ukiwa na shaka, tumia maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chupa tupu ipimwe kwanza, kisha ijazwe lita moja kamili, ipimwe tena. Tofauti ikiwa mbali na kilo moja, acha kununua hapo.

Baadhi ya watu huona aibu kuomba kupimiwa, wakihofia kwamba muuzaji, ambaye ni mtu mzima, ataona anatuhumiwa. Heshima na kipimo havigombani. Mwanafunzi anaweza kusema: “Shikamoo mama. Naomba tupime kwanza, kwa sababu tunagawana wanne.” Naye muuzaji mwaminifu atajibu: “Marahaba mwanangu, tupime.” Kupima pia humlinda muuzaji, kwani anayejaza kisado kwa kilele kila mara hutoa zaidi ya anacholipwa bila kujua.

6. Kuuliza si ujinga

Ukishajua kiasi, uliza kuhusu ubora. Kwa mkulima mwenyewe, maswali manne yanatosha.

Swali la kwanza: mazao haya ni ya msimu upi? Mkoa wa Kagera una misimu miwili ya mvua, kwa hiyo maharage huvunwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Maharage yaliyokaa muda mrefu mahali pa joto na unyevu huchelewa kuiva, na kuni au gesi utakayotumia ni sehemu ya bei yake. Hapo ndipo wahenga walipoonya kwamba rahisi huvunja upishi.

Swali la pili: yalikaushwa na kuhifadhiwa wapi? Mahindi na karanga zilizoanikwa juu ya udongo mtupu, au kufungwa kwenye gunia kabla ya kukauka, ziko katika hatari ya kuota kuvu.

Swali la tatu, kwa nyanya na mboga: zilipuliziwa dawa lini? Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, nazo huandikwa kwenye kibandiko cha chupa au pakiti yake. Kuosha kwa maji safi ni lazima, lakini hakuondoi dawa yote. Jibu la mkulima anayejua siku hizo lina thamani kubwa.

Swali la nne, kwa maziwa: yalikamuliwa lini na yamebebwa katika chombo gani? Maziwa mabichi yachemshwe kabla ya kunywewa, hata kama muuzaji unamfahamu.

7. Sumukuvu: hatari isiyoonekana

Kuna jambo moja ambalo kipimo cha soko hakiwezi kulionyesha, nalo ni sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na kuvu katika nafaka, hasa mahindi, na katika karanga. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliokula mahindi yenye sumu hiyo waliugua ini, na wapatao 20 wakafariki dunia. Viwango vya Afrika Mashariki huruhusu sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi, kiasi ambacho hakuna jicho wala ulimi unaoweza kukitambua.

Upishi wa kawaida hauimalizi sumu hiyo. Kwa hiyo kinga ipo kabla ya chungu. Usinunue mahindi au karanga zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo, hata zikiuzwa kwa nusu bei. Chambua tena nyumbani, na zile mbovu usimpe kuku wala ng'ombe, maana sumu yaweza kurudi kwako katika maziwa.

Ukavu unaweza kujaribiwa kwa njia nyepesi. Chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu kidogo na konzi ya mahindi, funga na utikise. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi. Jaribio hili huonyesha ukavu tu. Halithibitishi kwamba hakuna sumu. Mzazi wa Nyaishozi anaweza kulifanya kabla ya kufunga gunia, na mwanawe kabla ya kulifungua.

8. Haki na wajibu

Tarehe 15 Machi kila mwaka huadhimishwa kuwa Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Chimbuko lake ni hotuba ya Rais John F. Kennedy wa Marekani ya mwaka 1962, aliyetaja haki nne: kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Kila moja ina umbo lake sokoni. Usalama ni mahindi yasiyo na kuvu. Taarifa ni uzito unaousoma mwenyewe. Kuchagua ni kuwalinganisha wauzaji wawili kwa kilo. Kusikilizwa ni kuwa na mahali pa kulalamika.

Kwa malalamiko ya vipimo, anza na uongozi wa soko, kisha ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa. Kwa udanganyifu wa kibiashara, ipo Tume ya Ushindani, iliyowekwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kwa usalama wa chakula, jukumu hilo limekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019. Anayeishi kijijini mbali na ofisi hizo anaweza kuanzia kwa mtendaji wa kata au afisa biashara wa halmashauri.

Lakini malalamiko yasiyo na kumbukumbu huwa mazito kuyashughulikia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, zao, kilo, fedha na mahali. Mistari miwili kila siku ya soko, baada ya msimu mmoja, itamwonyesha mzazi ni mnunuzi yupi anayemlipa vizuri kwa kilo, na itamwonyesha mwanafunzi posho yake inakwenda wapi.

Mazoezi

1. Mkungu wa kwanza una kilo 20 na unauzwa shilingi 10,000. Wa pili una kilo 28 na unauzwa shilingi 12,600. Upi una bei nafuu kwa kilo?

2. Wanafunzi wanne wamechangishana shilingi 9,000 kila mmoja, wakanunua debe la maharage walilodhani lina kilo 16. Lilipopimwa lilikuwa na kilo 14.4. Walidhani wanalipa kiasi gani kwa kilo, na wamelipa kiasi gani? Kila mmoja atapata kilo ngapi?

3. Jadilini nyumbani: katika familia yenu, ni mara ngapi mwezi huu mmekubali bei kabla ya kujua kipimo, mkiwa wauzaji au wanunuzi?

Majibu. Swali la 1: mkungu wa kwanza ni shilingi 500 kwa kilo, wa pili 450, wa pili una nafuu ingawa bei yake ni kubwa. Swali la 2: walidhani shilingi 2,250, wamelipa 2,500, kila mmoja atapata kilo 3.6 badala ya 4. Swali la 3 halina jibu katika kijitabu hiki. Jibu lake limo katika daftari lenu, na kama daftari halipo, siku ya soko ijayo ni siku nzuri ya kulianzisha.